Sikio la Opiyo na Pawa ya Matheka

Kaloleni nzima ilijua kwamba mtu akiwa na mashine inayoumwa, hampelekei fundi kwanza. Anampelekea Phares Opiyo aisikilize. Cherehani, kinu cha posho, pikipiki ya mhubiri, hata feni ya pale ukumbini, zote zilipitia barazani kwake. Opiyo hufumba macho, huinamisha kichwa upande wa kushoto, kisha husema, "Beringi ya chini," au, "Hiyo ni valvu, na msinibishie." Wanafungua, wanakuta ni beringi ya chini. Ndipo wakambandika jina la Sikio, na jina likamganda kuliko lile la ubatizo.

Haya, sasa sikiliza na wewe, maana taabu iko hapa. Sikio lenyewe lilikuwa limekwisha.

Halikwisha kwa siku moja. Opiyo alifanya kazi karakana ya reli tangu ujana wake, ndani ya matangi ya injini za mvuke, akishikilia chuma huku mwenzake aliye nje akigonga ribiti, misumari ya kuungia chuma, kwa nyundo. Aliyewahi kuingia ndani ya pipa likagongwa anajua ninachosema. Injini za mvuke zilipopumzishwa naye wakampumzisha, wakampa saa ya ukutani na kumpungia mkono. Kwanza walipotea ndege. Akadhani wamehama mti. Halafu kifuniko cha birika kikaacha kucheza maji yakichemka. Halafu ile saa ya ukutani ikanyamaza, akaiteremsha, akaifungua, akakuta inakwenda vizuri tu. Siku hiyo alikaa na bisibisi mkononi mpaka chai ikapoa, akajua.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mzee aliyestaafu ana nini tena kilichobaki zaidi ya jina? Wenzake wa rika walishafunga vitanda kwa kamba wakarudi mashambani. Yeye alibaki mjini kwa sababu watu walimhitaji, na walimhitaji kwa sababu ya sikio. Likiondoka hilo, amebaki kikongwe mmoja zaidi anayeota jua Kaloleni. Basi akajiwekea sheria: hatamuuliza binadamu yeyote, "Umesema nini?" Maneno hayo mawili aliyafukuza mdomoni kama unavyofukuza mbwa jikoni. Watu wakicheka, anacheka. Wakitikisa kichwa, anatikisa. Mashine alizipima kwa mkono, kwa mazoea na kwa kubahatisha, na Mungu si Athumani, alikuwa hajakosea bado.

Lakini kuchoka, jamani! Hakuna kazi inayomchosha mtu kama kujifanya. Jioni alikuwa hoi kuliko siku za kugongewa ribiti.

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Mkewe, Roseline Adoyo, ambaye Opiyo alimwita Nyar Alego, kama wanaume wa kwao wanavyowaita wake zao kwa jina la walikotoka, alikuwa mwanamke wa maneno. Sauti yake nyembamba ndiyo iliyoongoza kwaya miaka na miaka. Tangu Opiyo astaafu, Nyar Alego alikuwa amenyamaza. Anapika, anafua, anapita, basi. Opiyo aliona wazi kwamba mkewe amemchoka, kwamba mume asiye na kazi ni mzigo ndani ya vyumba viwili. Ilimuuma sana. Naye kwa kiburi chake akaamua hatambembeleza mtu. Nyumba ikawa kama stesheni treni ikishapita.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule wa themanini na tatu, Matheka alipokuja na bega lake.

Matheka alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa Wamunyu, mchongaji wa vinyago aliyechoka kuchonga twiga akageukia kuni. Wahudumu wa hoteli ndogo walinunua kwake, matanga yote ya Kaloleni na Makongeni yalipikiwa kwa kuni zake. Magogo ya mikaratusi aliletewa na lori, akayapasua kwa shoka mwenyewe. Alikuwa na sauti nzito, ya kutoka tumboni, na Opiyo alimpenda kwa hilo, maana aliisikia.

"Bwana Sikio, bega limegoma," Matheka akasema, akijitupa kwenye kiti. "Nikiinua shoka mara tatu, mkono unalala wenyewe. Daktari anasema nipumzike. Nikipumzika, yeye ndiye atakayenilisha?"

"Pole, ndugu yangu."

"Pole hizo zimenijaa. Nataka pawa. Ule msumeno wa petroli. Burale kule Eastleigh anazo, zimetoka mashambani kwa wazungu waliohama. Lakini sinunui kitu mpaka wewe ukisikilize. Nikibeba mashine mbovu, nimekwisha. Shoka siwezi tena."

Opiyo alitaka kusema ana homa. Kisha akalitazama lile bega, lilivyoning'inia chini ya shati kama kitu kilichoazimwa, akaona haya. "Twende," akasema.

Burale alikuwa Msomali mnene, mcheshi, muuzaji wa vyombo vya shamba vilivyotumika, duka lake limejaa plau na pampu hadi mlangoni. Alipomwona Opiyo akapiga makofi.

"Mzee wa masikio! Wallahi leo nitafanya biashara ya haki nikitaka nisitake."

Akawatolea pawa tatu. Ya kwanza ilikuwa dubwana lenye bapa la chuma la kubebea cheni, refu kama mkono wa mtu, ya kuangusha miti ya msituni. Opiyo aliinyanyua akairudisha chini. "Hii ukiibeba asubuhi, adhuhuri inakubeba wewe. Na bega hilo? Achana nayo." Ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi, ya kupogoa michongoma. "Hii ukiipa gogo la mkaratusi itamwita mama yake." Akabaki na ya katikati, ya rangi ya machungwa iliyopauka, bapa la inchi kumi na sita.

Hapo ungemwona Opiyo ukampenda. Alivuta kamba polepole bila kuiwasha, akihisi injini inavyokataa na kukubali, kwa sababu injini iliyochoka haikatai. Hii ilikataa vizuri. Akafungua ekzosi, akachungulia pistoni kwa kioo cha kunyolea, akaiona inang'aa bila mkwaruzo. Akalitikisa bapa, akapitisha ukucha kwenye mfereji wake kuona kama kingo zimelika. Akahesabu meno ya gia inayozungusha cheni, akaridhika. Haya yote yalikuwa mambo ya mkono na jicho, na mkono na jicho vilikuwa vizima. Kwa dakika chache akasahau shida yake, akafurahi.

"Ni hii," akasema.

Burale akaiwasha. Duka likajaa moshi. Opiyo akafumba macho, akainamisha kichwa, watu wakanyamaza kumpisha. Alichosikia ni kitu kizito, butu, kama mtu anayenung'unika chini ya blanketi. Injini ikisikika hivyo, aliijua maana yake tangu zamani: petroli inaingia nyingi kuliko hewa.

"Inakunywa mno," akasema. "Inagugumia. Nitaibana kabureta nyumbani."

Burale akakunja uso. "Mimi naona iko sawa, mzee. Mwenyewe aliyeniuzia alikuwa akikata nayo kila siku." Kisha akainua mikono. "Lakini wewe ndiwe Sikio. Mimi nani?"

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, uwanja wa mbele ya nyumba ulijaa. Pawa ya Matheka ilikuwa habari. Watoto walipanda ukuta, wazee wakaleta viti, na Nyar Alego alikuwa kwenye kamba akianika nguo.

Opiyo alianza kwa utaratibu. Alichukua tupa akanoa cheni jino kwa jino, akisukuma mbele tu, kamwe harudishi nyuma, meno ya upande huu kwanza kisha ya upande ule. Akaikaza cheni mpaka ikalibana bapa lakini ikavutika kwa vidole. Akachanganya petroli na oili kwenye debe. Akaiwasha, akaielekeza ncha kwenye kipande cha katoni, na cheni ikarusha mstari mwembamba wa oili. "Inajipaka mafuta yenyewe," akawaeleza. "Ikikosa huo mstari, bapa linaungua." Watu wakaguna kwa heshima.

Ikabaki kabureta. Kuna skrubu yake moja ndogo inayotawala petroli injini ikienda kwa nguvu zote. Ukiibana, petroli inapungua, injini inaongeza mbio na mlio unapanda. Ukiilegeza, mlio unashuka, unakuwa mzito. Siri yake Opiyo aliijua kama Baba Yetu: pawa ikiwa huru igugumie kidogo, ikiingia kwenye gogo isafishe koo. Ukiibana kupita hapo italia kwa sauti nyembamba sana, utaona inakwenda kama mshale, kumbe inaungua ndani, maana ile petroli ndiyo inayobeba oili ya kulainisha pistoni.

Akabonyeza mafuta mpaka mwisho, akasikiliza. Blanketi. Akabana kidogo. Blanketi lile lile. Akabana tena. Aliona watoto wanaziba masikio. Kelele tu, akajiambia, watoto wa siku hizi. Aliona Matheka anakunja macho. Akabana tena.

Nyar Alego aliacha nguo. Alikuja hadi ukingo wa uwanja, mkono juu, mdomo unakwenda. Opiyo aliuona ule mdomo, hakusikia neno. Akakasirika. Miezi yote hii hana la kuniambia, akawaza, leo mbele za watu ndiyo anataka kunigombeza kwa ajili ya moshi na mashuka yake! Akampa mgongo. Akabana mara ya mwisho.

"Kata," akamwambia Matheka.

Wee! Pawa iliingia kwenye gogo kama kisu kwenye ugali. Vumbi la mbao likaruka manjano, kipande kikaanguka, cha pili kikaanguka, na Matheka, mikono yake imetulia usawa wa kiuno, bega bila maumivu, alicheka kama kijana. Akaanza cha tatu. Katikati ya gogo injini ikakata ghafla. Akavuta kamba. Kamba haikutoka hata kidogo.

"Imeganda," mtu akasema.

Opiyo akaigusa, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kuliko jiko.

Matheka alisimama akiitazama, na ile furaha ikamtoka usoni. Kisha akawaka. "Burale! Burale ametuuzia maiti iliyopakwa rangi! Kesho nitakwenda na vijana Eastleigh. Ataila hii mashine yake kwa meno!" Na uwanja wote ukaitikia: Burale mwizi, Burale mlaghai, hata Sikio amemdanganya. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Opiyo vibaya. Wengine walimpa pole.

Naye akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza. Uongo ulikuja wenyewe umeshapikwa, akaula.

Walipotawanyika aliichukua pawa barazani akafungua plagi. Plagi ya injini iliyotulia huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe kama chokaa. Haikuwa Burale. Ni mkono wake na skrubu ile, ameibana mpaka pistoni ikaungua mbele ya macho yake, inalia, naye haisikii. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwake kilio kilikuwa kimekuja cha kweli, watoto wote wamekisikia.

Nyar Alego alitoka na kikombe cha chai. Opiyo alikuwa amechoka kupita kuona haya. Akamtazama mdomo, akasema, "Ulikuwa unanigombeza nini pale?"

Mkewe akaketi mbele yake, karibu kiasi cha Opiyo kumsoma midomo. "Sikukugombeza. Nilisema inalia, Baba Akinyi. Ilikuwa inalia kama mtoto aliyebanwa mlangoni. Nilikuambia acha, utaiua. Ukanipa mgongo."

"Leo ndiyo umepata la kusema. Tangu nistaafu hunisemeshi."

Macho ya mkewe yakajaa machozi.

"Mimi? Mimi ndiye sikusemeshi? Kila asubuhi nikiwasha jiko nakuamkia, 'Oyawore.' Hunijibu. Nakuuliza umelalaje, kimya. Nakuambia habari za Akinyi, umekodolea ukuta. Nikasema basi, mzee amenichoka. Amezoea wanaume wa karakana, sasa amefungiwa nyumbani na mwanamke." Akajipangusa kwa kanga. "Maneno mengine niliyaacha. Lakini salamu sikuacha. Hata leo nimekuamkia."

Opiyo alikaa na plagi nyeupe kiganjani. Akakumbuka asubuhi zote zile, yeye kitandani, mgongo wa mkewe pale jikoni, na yeye akikihesabu kimya kile kuwa ni dharau. Akakumbuka ndege waliohama mti. Kumbe sauti ya mkewe ilikuwa imekwenda nao, sauti aliyoioa. Akalia bila kujificha, mzee mzima, pale barazani, na Nyar Alego akaelewa yote kabla hajaambiwa.

"Tangu lini?" akauliza, sasa kwa sauti nzito, akimwinamia.

"Sikio lilianza kufa nikiwa karakana. Zimebaki sauti za chini tu."

"Na Burale?"

Opiyo aliinuka, akavaa koti.

Alimkuta Matheka anasugua bega kwa mafuta ya moto. Akamwambia wima, bila kuketi. "Burale hana kosa. Mashine ilikuwa nzima. Mimi nimeiua. Sisikii, Matheka. Sikio limekufa zamani."

Matheka hakuelewa mara moja. Alipoelewa, ilikuwa mbaya. "Ulijua? Ulilitazama bega langu hili, ukajua husikii, ukanipeleka?"

"Nilijua."

"Na ungeniacha nikampige mtu wa watu?"

"Nilikuacha uwanjani. Hapa sikuachi."

Matheka alitukana kwa Kikamba, kirefu, na Opiyo alisikia kila neno kwa kuwa yalikuwa mazito. Alisimama akayapokea. Mwisho Matheka akaishiwa, akatazama chupa ya mafuta. "Mimi bega, wewe sikio," akasema kwa uchovu. "Hata tukiunganishwa hatufiki mtu mzima."

Kesho yake walikwenda Eastleigh wawili, bila vijana. Burale alipoambiwa aliacha utani, akamtazama Opiyo kama anayemwona mara ya kwanza. Akasema baba yake naye alikuwa kiziwi, akiwapiga wao watoto kwa kutomwitikia wakati wamemwitikia. Halafu akaingia nyuma ya duka akatoka na pawa ya aina ile ile iliyovunjika bapa, akaisukuma mbele yao. "Pistoni yake nzima. Toeni."

Wiki nzima Opiyo alikuwa barazani. Alisugua silinda kwa msasa mwembamba mpaka ukucha ukapita bila kukwama, akaingiza pistoni na ringi, akafunga. Habari ilikuwa imeshazunguka, kama habari za Kaloleni zinavyozunguka. Hakuna aliyeleta cherehani wiki hiyo.

Jumamosi asubuhi uwanja ukajaa tena. Opiyo hakufumba macho safari hii, wala hakuinamisha kichwa. Alisema kwa nguvu, "Nyar Alego, njoo." Mkewe akaja na mikono ina unga, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

"Ikianza kukuchoma sikioni, nifinye," Opiyo akamwambia. "Ikigugumia, legeza mkono."

Kicheko kikapita. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Sikio limehamia kwa mathe!" Opiyo alikiona kicheko kwenye nyuso zao, akajua jina limekwenda, akawasha.

Akabonyeza mpaka mwisho. Akabana skrubu. Mkono wa mkewe ulikuwa umelegea begani. Akabana tena kidogo, na vidole vya mkewe vikamshika. Akabana unywele mmoja zaidi, vikamfinya mpaka kwenye mfupa. Akarudisha. Vikaachia polepole, vikatulia. Akarudisha kidogo tena, ile ya kuwa salama. Matheka akaichukua, akaingiza kwenye gogo. Opiyo alimtazama mkewe, si gogo. Mkewe akatikisa kichwa kukubali: inasafisha koo. Vipande vikaanguka kimoja baada ya kingine, cha tatu, cha nne, mpaka gogo likaisha na Matheka akazima mwenyewe, jasho linamtiririka, bega limetulia mahali pake. Plagi ilipotolewa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Watu walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Nyar Alego, mkono wake ungali pale begani, alisema kitu. Opiyo aliuona mdomo ukicheza. Pande zote walikuwa majirani, Matheka, watoto ukutani, kila mtu aliyewahi kumwita Sikio.

"Umesema nini?" akauliza.

Aliuliza kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyouliza.

Mkewe akamwinamia. Akaishusha sauti yake hadi chini kabisa, ile ambayo kwenye kwaya huachiwa wanaume. "Nimekuamkia," akasema. "Oyawore."

"Oyawore ahinya, Nyar Alego," Opiyo akajibu.

Kisha akaomba kiti, maana miguu ilikuwa imechoka.